Umeme Mmoja, Kazi Mbili: Historia ya Taa ya Mbele katika Treni Ndogo

Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na viwanda vya Marekani vikirudia kazi zao za amani, kampuni ya Lionel ya New York iliingiza sokoni treni ya kuchezea inayotoa moshi. Mtoto alidondosha kidonge kidogo kwenye bomba la kichwa cha treni, akafungulia umeme, na baada ya kitambo moshi ukaanza kufuka. Siri ilikuwa kwenye balbu. Mafundi wa Lionel walikuwa wametengeneza balbu ya volti 18 yenye kishimo juu ya kioo chake. Kidonge kilitua humo, joto likakiyeyusha, na mwanga wa balbu hiyo hiyo ukapenya hadi mbele na kuwa taa ya treni.

Ilikuwa akili ya hali ya juu, lakini haikudumu. Mwaka uliofuata kazi ya moshi ilihamishiwa kwenye waya wake wenyewe wa joto, na taa ikabaki na kazi yake ya kuangaza. Hata hivyo balbu ile ya mwaka mmoja inaonyesha vizuri shida ambayo watengenezaji wa treni ndogo wamekuwa wakihangaika nayo kwa zaidi ya karne nzima. Umeme unaofika kwenye reli ni mmoja, na kila kitu ndani ya kichwa cha treni kinautegemea huo huo. Mota inautaka ili izunguke, taa nayo inautaka ili iwake, na mara nyingi kinachoifaa mota kinaiharibia taa.

Kwa nini basi kujisumbua? Jibu liko kwenye treni kubwa, hasa za Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, mhandisi Horatio Allen wa reli ya South Carolina alitaka treni zake zisafiri usiku. Alichukua behewa tambarare, akalimwagia mchanga, akawasha juu yake moto wa vipande vya msonobari vyenye utomvu, na injini ikalisukuma behewa hilo mbele yake gizani. Baadaye zikaja taa za mafuta ya nyangumi zenye vioo vya kurudisha mwanga, kisha mafuta ya taa, kisha gesi ya kabaidi. Karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, umeme ulikuwa umepanda juu ya injini za mvuke ukizalishwa na tabo ndogo inayoendeshwa na mvuke wa injini yenyewe, na kampuni ya Pyle-National ya Chicago ikajijengea jina kwa mitambo hiyo. Katikati ya miaka ya 1910 serikali ya Marekani ikaweka kipimo: dereva mwenye macho mazima aweze kuona kitu cheusi chenye ukubwa wa mtu kikiwa umbali wa futi 800, yaani mita 244 hivi.

Uingereza mambo yalikuwa tofauti kabisa. Huko sheria iliyataka makampuni ya reli yaweke uzio kando ya njia tangu zama za mwanzo, kwa hiyo dereva hakutarajiwa kumulika ng'ombe wala mtu. Taa ndogo za mafuta zilizotundikwa mbele ya injini zilikuwa ujumbe kwa mlinda ishara aliyesimama kwenye kibanda chake. Taa mbili, moja juu ya kila bafa, zilimaanisha treni ya abiria ya mwendo kasi; taa moja chini ya bomba la moshi ilimaanisha treni ya kawaida ya abiria. Zilikuwa za kuonwa zaidi kuliko za kuonea.

Ajabu ni kwamba Waingereza hao hao, walipotengeneza injini za kuja kwetu, walizifunga taa kubwa za kumulika. Injini za Garratt za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, 34 kwa idadi, zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilipita usiku katika nyika isiyo na uzio kati ya Mombasa na Nairobi, na wanyama wa nyika hiyo hawakuwa wa kukimbia kwa kusikia kengele. Aliyewahi kufika Makumbusho ya Reli ya Nairobi ameiona 5918, Mount Gelai, na taa yake usoni. Fundi wa treni ndogo anayeunda mfano wa injini hiyo akaacha taa ameacha sehemu ya sura yake. Anayeunda injini ya London ya miaka ileile akiipa taa kali ya kumulika, ameongeza kitu ambacho hakikuwapo.

Treni za kwanza za kuchezea hazikuwa na shida hiyo, kwa sababu hazikuwa na umeme. Kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilipoonyesha kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1891 treni yenye reli zake zilizopangwa kwa umbo la nane, treni hiyo iliendeshwa kwa springi ya kujaza kwa ufunguo. Treni ya springi haina cha kuwashia taa. Taa zake, zilipokuwapo, zilikuwa bati lililokunjwa na kupakwa rangi, na mtoto alimalizia kwa kuwaza.

Umeme uliingia miaka michache baadaye. Mwaka 1896 kampuni ya Carlisle & Finch ya Cincinnati, Ohio, ilianza kuuza gari dogo la abiria la umeme lililokimbia juu ya vipande vyembamba vya chuma. Wakati huo wateja wengi hawakuwa na umeme nyumbani, hivyo treni ilitumia betri za majimaji. Kampuni hiyo iliachana na vitu vya kuchezea katikati ya miaka ya 1910 ikashika biashara yake nyingine: kurunzi kubwa za meli. Kurunzi hizo inazitengeneza hadi leo. Yaani moja ya kampuni zilizofungua njia ya treni za umeme za kuchezea iliishia kuuza mwanga peke yake.

Joshua Lionel Cowen naye alitokea upande wa mwanga. Alizaliwa New York mwaka 1877, na kabla ya kugusa treni alikuwa amepata hataza ya kifaa cha kuwashia unga wa magnesiamu ambao wapiga picha waliutumia kupata mwanga. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikiona kifaa hicho likaagiza viwashio vya mabomu ya majini kwa maelfu, na fedha hizo zikampa mtaji. Mwaka 1901 alitengeneza kigari cha mbao kilichozunguka kwenye reli kwa mota ndogo na betri kavu, akakiweka kwenye dirisha la duka moja la Cortlandt Street, Manhattan, ili kivute macho ya wapita njia kwenye bidhaa nyingine. Wateja wakakitaka kigari chenyewe. Hakikuwa na taa, wala hakikufanana na treni sana, lakini ndicho kilichozaa Lionel.

Taa ilisubiri umeme wa nyumbani. Mwaka 1920 nyumba zenye umeme Marekani zilikuwa takriban theluthi moja. Mwaka 1930 zilikuwa theluthi mbili hivi. Kila nyumba iliyounganishwa ilikuwa soko jipya la transfoma, na transfoma inayochomekwa ukutani haichoki kama betri. Fundi aliyetumia betri kavu aliihesabu kila ampia, na balbu ilikuwa anasa iliyoinyang'anya mota umeme. Mwenye transfoma alikuwa na umeme wa kumwaga.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo mara nyingi husahauliwa. Mwaka 1908 injini za mvuke zilipigwa marufuku katika kisiwa cha Manhattan, na reli ya New York Central ikawa inaingia jijini kwa vichwa vya umeme, vyenye umbo la kisanduku, sura ileile mbele na nyuma. Watoto wa New York waliviona kila siku, navyo vikawa ishara ya usasa. Lionel na wapinzani wake Ives wa Bridgeport, Connecticut, na American Flyer wa Chicago, walijaza katalogi zao mifano ya vichwa hivyo. Kisanduku cha bati kina nafasi tele ndani, na juu yake taa kubwa ya duara inakaa vizuri bila kugombana na bomba la moshi. Kufikia miaka ya 1920 treni ya bei nzuri isiyo na taa mbele ilikuwa ngumu kuuza, na mabehewa ya abiria nayo yalikuwa yameanza kuwekewa balbu ili madirisha yang'ae.

Namna taa hizo zilivyofungwa waya ilikuwa rahisi mno. Reli zilikuwa tatu. Ya katikati ilileta umeme wa mkondo geu kutoka kwenye transfoma, na mbili za pembeni ziliurudisha. Balbu ilichukua umeme kwenye kigurudumu kilichogusa reli ya katikati na kuurudisha kupitia chuma cha mwili wa treni. Haikupitia kwenye mota hata kidogo. Mwaka 1924 Ives walileta swichi iliyogeuza mwendo yenyewe: kila umeme ukikatwa na kurudishwa, swichi ilisogea hatua moja, mbele, simama, nyuma, simama. Ives walifilisika mwaka 1928, na Lionel wakairithi mbinu hiyo. Matokeo yake kwa taa yalikuwa matamu kuliko wengi walivyotambua. Swichi ikiwa kwenye hatua ya kusimama, mota ilikatiwa umeme lakini reli zilibaki na umeme wote, na balbu iliendelea kuwaka. Treni ilisimama stesheni na taa zake zikiwaka barabara, kama treni ya kweli.

Mambo hayo yalikuja kupotea baadaye, na ilichukua miongo kadhaa kuyarudisha.

Lakini kwanza turudi Liverpool, kwa Frank Hornby na kiwanda chake cha Meccano. Hornby alianza na treni za springi mwaka 1920, na mwaka 1925 akatoa treni yake ya kwanza ya umeme, mfano wa kichwa cha reli ya Metropolitan ya London. Treni hiyo ilitumia umeme wa nyumbani moja kwa moja, ukipunguzwa kwa kupitishwa kwenye balbu kabla ya kufika relini. Mtu akiifikiria leo nywele zinamsimama: reli wazi sakafuni, watoto wa miaka 8 wakitambaa, na nyuma ya yote hayo plagi ya ukutani. Haikuchukua muda kampuni ikahamia kwenye umeme mdogo wa volti 4 wa betri za kuchaji, kisha volti 6, na miaka ya 1930 volti 20 kutoka kwenye transfoma.

Treni hizo za volti 20 zilipewa taa, na hapo kukatokea kichekesho. Balbu ilichomekwa katikati ya mlango wa mbele wa chumba cha moshi, ikachomoza kama pua ya mlevi. Injini za Uingereza kwa kawaida hazikuwa na taa mahali pale. Kwa mtu mzima mpenda usahihi lilikuwa kosa lisilosameheka. Kwa mtoto aliyezima taa za sebuleni na kuiona treni ikija kutoka chini ya meza, hoja hiyo haikuwa na uzito, na mwandishi wa makala haya yuko upande wa mtoto.

Mwaka 1935 treni zilipungua ukubwa. Märklin na Trix, wote wa Ujerumani, walitoa treni za reli ya upana wa milimita 16.5, vipimo ambavyo leo vinajulikana duniani kote kwa jina la H0, ambapo kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya kitu halisi. Mwaka huohuo, katika mji wa Milwaukee, wapenzi wa treni ndogo wa Marekani waliunda chama cha NMRA ili treni za watengenezaji mbalimbali ziweze kutumia reli moja. Märklin waliendelea na mkondo geu, na treni zao zilikuwa na tabia moja ambayo kila aliyewahi kuzimiliki anaikumbuka: ili kugeuza mwendo, mtu alituma pigo la volti 24, na kwa nukta ile taa zilimweka kwa ukali kabla treni haijarudi nyuma.

Wengine wengi, hasa Marekani na Uingereza, walichagua reli mbili na mkondo mnyoofu wa hadi volti 12. Sababu zao zilikuwa nzuri. Reli mbili zinafanana na reli za kweli. Reli ya tatu katikati ni uongo unaoonekana kwa macho. Mkondo mnyoofu unaendesha mota ndogo kwa ulaini, na ukigeuza waya chanya na hasi treni inarudi nyuma bila swichi yoyote tumboni mwake. Taa ndiyo iliyolipa gharama. Kasi ya treni sasa ilitegemea volti zilizoko kwenye reli: volti 12, mbio, volti 4, mwendo wa kujikokota, volti 0, imesimama. Balbu iliyounganishwa kwenye reli hizo ilifuata mkumbo. Treni ikikimbia ilichoma macho, ikipunguza mwendo iligeuka kaa jekundu, na ikifika stesheni, pale hasa abiria wangeihitaji, ilizimika.

Mchezo wa bati wa miaka ya 1920 ulikuwa ukisimama na taa zake. Mfano wa kisayansi wa miaka ya 1950, uliopimwa kila msumari, ulisimama gizani.

Balbu zenyewe nazo zilileta taabu yake. Vichwa vya treni vya plastiki vilipofika, vikiwemo vile vya bei nafuu vya Athearn wa California ambavyo viliufanya mchezo huu kuwa wa watu wa kawaida, mfumo wa taa ulikuwa duni: balbu moja imebanwa kwenye kibano cha chuma juu ya fremu, mbele ya mota, ikimulika tumbo zima la treni. Mwanga ulipenya kwenye taa ya mbele, ndiyo, lakini pia madirishani, kwenye nyufa za chini, na wakati mwingine kupitia kwenye ukuta wenyewe wa plastiki, hadi treni ikang'aa kama inaungua kwa ndani. Wenye uvumilivu walipaka ndani rangi nyeusi. Na balbu ikikaa karibu mno na plastiki, plastiki ililainika, ikapinda, na pua ya treni iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi ikaingia ndani.

Suluhisho la kwanza la giza la stesheni lilitoka kwenye kitu kisichozidi punje ya mchele: dayodi ya silikoni. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na inapoupitisha hujikatia takriban volti 0.7, mkondo uwe mkubwa au mdogo. Ukizifunga dayodi mbili mfululizo unapata volti 1.4 zisizoyumba. Mafundi wa nyumbani walizifunga hivyo kwenye njia ya umeme inayoelekea kwenye mota, na pembeni mwa dayodi wakaunganisha balbu ndogo sana ya volti 1.5, yenye unene wa milimita 1.2 na inayotumia miliampia 15 tu. Sasa mtu akifungua umeme taratibu, balbu ilijaa mwanga kabla mota haijapata nguvu ya kuzunguka. Treni ilisimama, taa ikiwaka. Ukiongeza umeme, mota ilikimbia, na balbu ilibaki na volti zake 1.4 ikiwaka kama awali. Kwa kuzipanga dayodi kwa ujanja zaidi, taa ya mbele iliwaka treni ikienda mbele na ya nyuma iliwaka ikirudi, kama sheria za reli zinavyotaka.

Mpango huu ulikuwa na dosari zake. Mota ilipoteza zaidi ya volti moja, hivyo treni yenye dayodi ilikimbia polepole kuliko mwenzake asiye nazo, na ukiziunganisha hizo mbili zivute mzigo mmoja zilivutana. Umeme ukikatwa kabisa relini, taa ilizimika vilevile. Hata hivyo, mtu aliyeona kwa mara ya kwanza treni yake ikisubiri na taa ikiwaka hakuhitaji kuelezwa faida.

Ndoto ya kutenganisha kabisa taa na mwendo ilikuwa tayari imeanza. Mapema miaka ya 1960 General Electric walitoa mfumo wa Astrac uliotuma ishara za masafa tofauti kupitia relini, na kila treni kati ya tano ilisikiliza ishara yake. Umeme ulikuwa daima kwenye reli. Vipokezi vyake vilikuwa vikubwa na bei haikuwa ya kawaida, na Astrac haikwenda mbali. Mwaka 1979 Hornby wakatangaza Zero 1 iliyoweza kuendesha treni 16, na katikati ya miaka ya 1980 Märklin wakaleta mfumo wao wa kidijitali.

Mfumo ulioshinda ulitoka Giessen, Ujerumani, kwenye karakana ya Bernd Lenz. Ndio ambao NMRA waliuchukua mapema miaka ya 1990 wakaufanya kiwango cha wazi ambacho kampuni yoyote inaweza kukifuata, nao unaitwa DCC. Wazo lake ni kwamba reli zinabeba volti zote muda wote, takriban 14 kwa treni za H0, huku chanya na hasi zikibadilishana nafasi maelfu ya mara kwa sekunde. Urefu wa kila badiliko ndio herufi. Badiliko la sehemu 58 za milioni za sekunde linasomeka moja. Badiliko refu zaidi linasomeka sifuri. Chipu iliyo ndani ya kichwa cha treni inasoma herufi hizo, inangoja namba yake itajwe, kisha inaigawia mota kiasi ilichoagizwa na kuipa taa kiasi kingine. Kila kitufe cha kazi kina namba, na namba ya kwanza, F0, ni ya taa ya mbele.

Hapo ndipo balbu na mota zilipoachana. Treni iliyosimama usiku kucha inaweza kuwasha taa. Iliyo mbioni inaweza kuzima. Chipu inaweza pia kuigiza Mars Light, taa ya Kimarekani iliyoanza miaka ya 1930 ikizungusha mwanga wake angani kwa umbo la nane ili madereva wa magari wauone mapema. Ndani ya mfano hakuna kinachozunguka. Chipu inaupandisha na kuushusha mwanga kwa mpangilio, na jicho linadanganyika. Taa mbili za chini za pembeni, ambazo serikali ya Marekani ilizilazimisha kwa treni za kweli kufikia mwisho wa 1997 ili kupunguza ajali kwenye makutano ya barabara, zilionekana kwenye mifano haraka, nazo zikimweka kwa zamu honi ikilia.

Kilichobaki kilikuwa mwanga wenyewe. Nick Holonyak alitengeneza LED, yaani dayodi itoayo mwanga, ya kwanza nyekundu inayoonekana kwa macho katika maabara ya General Electric mwaka 1962, lakini taa nyekundu mbele ya treni haina maana. Za manjano zilifuata muongo mmoja baadaye, na watu walizitumia kwa kukosa njia. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, akifanya kazi katika kampuni ya Nichia ya Japani, alifanikisha LED kali ya buluu, na ukiipaka buluu hiyo dutu maalumu ya kung'aa unapata nyeupe. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Nyeupe za mwanzo zilikuwa na ubaridi wa kibuluu ambao haukuifaa injini ya mvuke ya mwaka 1930 hata kidogo, na wapenzi walizipiga brashi ya rangi angavu ya chungwa hadi watengenezaji walipoanza kutoa nyeupe ya dhahabu.

Leo LED iitwayo 0402 ina urefu wa milimita moja na upana wa nusu milimita. Ikidondoka kwenye zulia, afadhali uchukue nyingine. Anayeitia kwenye kichwa cha zamani cha plastiki anatoboa kwanza taa ya bandia kwa keekee la kushika kwa vidole, polepole, akisafisha vumbi la plastiki kila mara. Nyaya zake ni za shaba nyembamba kama unywele zilizopakwa vanishi. Ncha zake zinakwanguliwa, zinalehemiwa chini ya miwani ya kukuza, kisha zinapitishwa tunduni kutoka mbele. LED ikishakaa, tone la gundi angavu juu yake linakuwa kioo cha taa. Nyuma yake inapakwa nyeusi, tabaka mbili, ili mwanga usivuje kwenye chumba cha dereva.

Kazi ya waya imerahisishwa na rangi ambazo NMRA walizipanga. Nyekundu na nyeusi zinatoka kwenye reli. Chungwa na kijivu zinakwenda kwenye mota. Buluu ni chanya ya taa zote. Nyeupe ni hasi ya taa ya mbele, manjano ya taa ya nyuma. Katikati lazima pawe na rezista, na hesabu yake ni ya darasani: volti 12 zikitoka kwenye chipu, LED ikachukua takriban 3, zinabaki 9, ukizigawa kwa rezista ya omu 1,000 unapata miliampia 9, ambazo LED inazimudu. Anayesahau rezista anaona mwanga mkali wa kupendeza kwa muda mfupi sana. Reli chafu nazo zinabaki kuwa adui wa zamani, kwa kuwa LED huzima na kuwaka kwa kasi ambayo balbu ya uzi haikuiweza, hivyo kila punje ya vumbi inaonekana kama kupepesa kwa taa. Dawa yake ni kusugua reli, au kufunga kapasita pembeni mwa chipu itunze umeme wa kuvukia pale palipochafuka.

Mahali pa kuyaona haya kwa wingi ni Hamburg, Ujerumani, ambako ndugu pacha Gerrit na Frederik Braun walifungua Miniatur Wunderland mwaka 2001. Treni zake ni za H0, na katika kumbi zake usiku unaingia kila baada ya robo saa hivi: taa za dari zinafifia, miji inawaka dirisha kwa dirisha, na treni zinapita kwenye mahandaki zikimulika reli zilizo mbele yake.

Na wapenzi waliohangaika miaka mingi kupata mwanga sasa wana tatizo jipya, kwamba umezidi. Zile mita 244 za sheria ya Marekani, zikigawanywa kwa 87, zinakuwa mita 2.8 juu ya meza, wakati LED iliyofungwa rezista ya omu 1,000 inamulika ukuta wa upande wa pili wa chumba na kuwatia kiwi wageni. Kwa hiyo wengi wanaing'oa rezista hiyo na kuweka ya omu 4,700 au hata 10,000, na asiyetaka kulehemu upya anaiandikia chipu namba mpya ya ukali wa taa, anaijaribu gizani, na kuishusha tena.